Kabla ya kuuliza kuba, ulizeni ardhi ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, Uislamu unaruhusu kujengea makaburi ya mawalii?" Majibu mtakayoletewa nayajua tangu sasa. Huyu atasema ni shirki, yule atasema ni kuwaheshimu vipenzi vya Mwenyezi Mungu, na hakuna atakayemsikiliza mwenzake. Kwa maoni yangu swali limeanzia katikati. Mafakihi wetu, yaani wanazuoni wa sheria, hawakuanza na walii, walianza na ardhi.

Dalili ziko wazi, na tusizipindishe. Katika Sahihi ya Muslim, Jabir (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Humo humo Sayyidna Ali anamwagiza Abul-Hayyaj al-Asadi asiache kaburi lililoinuliwa ila alisawazishe. Na Bibi Aisha amepokea kuwa Mtume, katika maradhi yake ya mwisho, aliwalaani waliofanya makaburi ya Manabii wao kuwa mahali pa kuswalia. Hadithi hizi hazina anayezikana. Ubishi umo katika hukumu inayotolewa humo: ni haramu, ni makruhu (lisilopendeza bila kuwa dhambi), na ni wapi.

Wengi wanaobishana juu ya kuba, yaani jengo la paa la duara juu ya kaburi, hawajui hata kaburi la kawaida linavyotakiwa kuwa. Udongo unaorudishwa ni ule ule uliochimbwa, wa kwingine hauongezwi. Kwa kuwa maiti na mwanandani (nafasi ya ndani ya kaburi anamolazwa maiti) vimeshachukua nafasi yao, udongo unaozidi hutosha kuliinua kaburi kiasi cha shubiri moja, na hicho ndicho kipimo alichokipenda Imamu Shafi, ili lijulikane lisikanyagwe. Juu linasawazishwa kwa madhehebu yetu ya Shafi. Wengine wanapendelea liwe na nundu, kwa sababu Sufyan at-Tammar aliliona kaburi la Mtume likiwa hivyo, kama ilivyo katika Bukhari. Hunyunyizwa maji udongo ushikane, hutandazwa changarawe, na huwekwa jiwe kichwani, kama Mtume alivyoliwekea kaburi la Uthman bin Madh'un apate kulitambua. Kazi imekwisha. Wanaokimbilia saruji wiki ya kwanza hujitafutia hasara: mbao za mwanandani huoza na kukatika, udongo huendelea kushuka kwa miezi, na bamba zito lililo juu hukosa pa kuegemea, likapasuka katikati na kuinamia upande mmoja. Mvua ikipata ule ufa, inachimba.

Sasa ardhi. Imamu Nawawi, fakihi mkubwa wa Kishafi, katika kitabu chake Minhaj amelisema kwa maneno machache: ni makruhu kulipaka kaburi chokaa, kulijengea na kuliandika, na likijengewa katika makaburi ya umma, jengo livunjwe. Makaburi ya umma ni pale ambapo watu wa mji wamezoea kuzikana, awe anajulikana aliyepatoa au hajulikani. Sababu waliyoitaja mafakihi ni mbili: jengo linawabana wengine, na linabaki hata baada ya maiti kuoza na kwisha, wakati bila jengo mahali pale pangezikwa mwingine. Pigeni hesabu wenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kuta za nusu mita kinakula mita 25 za mraba. Kaburi moja pamoja na njia yake halizidi sana mita mbili na nusu. Mmoja amechukua mahali pa watu kumi, na hao kumi hawajaulizwa.

Lakini Nawawi huyo huyo, katika kitabu chake kingine, Rawdha, amekubali wasia wa Muislamu wa kuyaimarisha makaburi ya Manabii, wanazuoni na watu wema, kwa ajili ya kuhuisha ziara na kutafuta baraka. Waliomsherehesha wakaweka mpaka: iwe kuba au jengo la kuwasitiri wanaozuru, si kulipamba kaburi lenyewe, na isiwe katika makaburi ya umma. Kwa hiyo anayesema madhehebu ya Shafi yamekataza moja kwa moja amesoma ukurasa mmoja, na anayesema yameruhusu moja kwa moja amesoma mwingine.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kaburi la Imamu Shafi mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika katika kitabu chake al-Umm kwamba aliwaona watawala wa Makka wakivunja yaliyojengwa makaburini, na hakuwaona mafakihi wakiwalaumu. Alifariki Misri mwaka 204 Hijria (820), akazikwa Qarafa, makaburi makubwa ya Cairo, katika eneo la ukoo wa Ibn Abdil-Hakam. Mwaka 574 Hijria, zama za Salahuddin, kaburi likawekewa sanduku la mbao la kuchongwa, kazi ya fundi aitwaye Ubayd. Mwaka 608 (1211) Sultani al-Kamil akalijengea kuba: ukumbi wa takriban mita 15 kila upande, paa la mbao lililofunikwa madini ya risasi, na kileleni mashua ya shaba. Mama yake Sultani naye akazikwa humo.

Kisha akaja Sultani Baybars, akaazimia kubomoa kila jengo la Qarafa. Ibn al-Haj, fakihi wa Kimaliki, amelisimulia hili kutoka kwa mjumbe mwenyewe aliyetumwa katika jambo hilo. Waziri hakumpinga Sultani. Alimwambia tu kwamba humo mna majengo ya maamiri na fitina inaweza kuzuka, basi bora zikusanywe fatwa kwanza, ili Sultani awe na pa kujitegemeza. Sultani akaridhika. Mjumbe akazunguka na karatasi kwa wanazuoni wa wakati ule, mmoja wao Dhahirud-Din at-Tizmanti. Wote waliandika kwa ulimi mmoja: ni wajibu wa mtawala kuvunja yote, tena awalazimishe wenyewe kuutupa udongo wake majaani. Hakutofautiana hata mmoja. Mjumbe akamkabidhi waziri fatwa, na hakujua waziri alizifanyia nini. Baybars akasafiri kwenda Shamu, akafia huko mwaka 676 Hijria (1277), mwaka ule ule aliofariki Nawawi. Qarafa ikabaki na majengo yake.

Karne tatu baadaye Ibn Hajar al-Haytami, fakihi wa Kishafi, anaandika katika kitabu chake Tuhfa kwamba kundi la wanazuoni lilitoa fatwa ya kuvunja majengo yote ya Qarafa, hata kuba ya Imamu wetu. Anaongeza kuwa kila mtu ana haki ya kuyavunja maadamu hakuhofiwa madhara. Yakihofiwa, jambo lipelekwe kwa mtawala. Wapo waliomjibu kwamba kuba ile haimo katika hukumu, kwani mahali pale palikuwa nyumba ya Ibn Abdil-Hakam kabla eneo halijawa wakfu. Angalieni wanabishana juu ya nini. Si juu ya utukufu wa Imamu, ambao hakuna aliyeutilia shaka. Wanabishana juu ya kiwanja.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kumaliza na maneno "livunjwe". Nikiyapanga haya yote mbele yangu, siwezi. Shamsud-Din ar-Ramli, naye fakihi wa Kishafi, amesema jengo likikutwa katika makaburi ya umma na asili yake haijulikani, liachwe, kwa kuwa huenda liliwekwa kwa haki. Kuba nyingi za kale ziko hivyo. Nani leo ana hati ya kiwanja cha miaka 500? Na hata wenye kauli kali hawakumpa kila mwenye sururu ruhusa ya kubomoa palipo na fitina. Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012 makaburi ya mawalii yalivunjwa kwa mabavu na watu wenye silaha, na mji ule wa wanazuoni haukushauriwa. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka 9 katika mahakama ya The Hague mwaka 2016, na makaburi yalijengwa upya.

Basi jibu langu ni hili, na nalitoa kwa tahadhari. Kuba mpya katika makaburi ya umma: haramu, awe walii, awe sharifu, awe mfadhili wa msikiti. Kuba ya kale isiyojulikana asili yake: iachwe. Katika ardhi ya mtu binafsi: madhehebu yameruhusu kwa walii na mwanachuoni, ingawa moyo wangu bado uko kwenye Hadithi ya Jabir, na nafahamu Wahanbali wengi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Ahmad bin Hanbal, watasema hata hapo nimelegea. Kutufu (kulizunguka kaburi kwa ibada), kusujudu, na kuswali kwa kuelekea kaburi ni mambo mengine kabisa, na ruhusa ya jengo haiyagusi.

Familia inayotaka kumjengea mzee wao itafute kiwanja chake, ikinunue na kukamilisha hati kabla ya mazishi. Akishazikwa makaburini hakuna tena njia: eneo la umma haligeuki kuwa la familia kwa kuzungushiwa ukuta, na kumfukua maiti ili ahamishiwe kwenye kiwanja cha kuba ni haramu.