Maswali ya Wasomaji: Mbawa Zimepasuka

SWALI: Ninachonga mfano wa Super Constellation, ndege ya abiria ya zamani, kwa mjakaranda, kipimo cha 1:72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi). Mbawa zimepata ufa zinapoungana na kiwiliwili, na mapezi ya mkia yanavunjika nikiyapiga msasa. Nakosea wapi?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Ufa ni dalili ya mbao mbichi. Mbao inapokauka husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na gundi huizuia isijongee, basi hupasuka. Pima uzito wa kipande kila wiki. Usipobadilika wiki tatu mfululizo, anza kuchonga. Msimu wa mvua utangoja zaidi.

Gundi peke yake haibebi mbawa za sentimita 52 kutoka ncha hadi ncha. Pitisha pini ya chuma ya milimita 3, izame sentimita 3 ndani ya kila bawa, uishike kwa gundi ya epoksi. Ikunje kidogo katikati, kwa kuwa mbawa zake hupanda kuelekea nchani.

Kwenye mkia, umelaza nyuzi za mbao. Zisimamishe wima, na piga msasa namba 180, kisha 240, kabla ya kubandika. Mapezi yale matatu hayakuwa urembo: yaliifanya ndege iwe fupi kwa kimo, ya kutosha kuingia kwenye mabanda ya ndege ya enzi zile.

Na kiwiliwili usikichonge kama bomba! Kimepinda mithili ya samaki. Chora umbo la ubavuni kwanza, likate, ndipo uviringishe.