Mjukuu wangu na salamu

Mwanangu, huku Tukuyu salama, mvua tu na baridi. Umeniuliza umfundisheje mjukuu wangu, mume wangu huyo, kukaa na watu hapo nyumbani, maana ana usonji (autism), ile hali ya kuzaliwa nayo inayofanya kuongea na kuchangamana na watu kuwe kugumu kwake, na mawifi zako wanasema hana adabu kwa vile haamkii. Wasikutishe hao.

Salamu zetu zenyewe ngumu jamani, mkubwa shikamoo, mwenzio mambo, ukija kwa bibi ugonile ya Kinyakyusa, sasa mtoto anayeshika maneno vilevile alivyoyasikia atajuaje lipi lake lipi la mwenzie? Ndo maana anasema "shikamoo marahaba" yote peke yake, si ulikuwa unamfundisha kwa kuyataja yote mawili! Fanya hivi, wewe kaa mbele yake kama mgeni, baba yake asimame nyuma amnong'oneze "shikamoo" tu, akishasema unaitika marahaba kwa furaha basi, msirudie rudie mpaka achoke. Akizoea baba anong'one "shi", baadae anyamaze kabisa. Na usimshike kidevu eti akuangalie machoni, watu wazima wengi wenye usonji wanasema kuangaliana macho kunawachosha mpaka hawasikii unachosema. Akikupa mkono au akiinamisha kichwa ameshaamkia huyo, tena kwetu zamani mtoto kumkazia mkubwa macho ndo ilikuwa utovu wa adabu wenyewe.

Kucheza usimtupe kwa watoto wa mtaa mzima, mwite mmoja mpole, yule binamu yake. Si anapenda treni ya TAZARA na anapanga vizibo mstari? Basi msimvurugie, binamu aongeze behewa moja, "zamu yangu", yeye moja, "zamu yako", na muache kabla hajachoka. Huyo binamu naye afundishwe kusubiri na kuongea kifupi, hili watu wanalisahau wanadhani kazi yote ni ya mwenye usonji.

Kabla hamjaenda Mwanjelwa sokoni mchoree kwenye daftari, hapa kuna kelele, hapa watu watatusalimia, kelele zikizidi unanivuta kanga tunatoka. Carol Gray, mwalimu wa Marekani, ndo alieneza hadithi za namna hiyo miaka ya 1990, na anataka zieleze zaidi kuliko kuamrisha, kwahiyo usijaze "usifanye hivi usifanye vile".

Pasaka nakuja. Usimsukume anikumbatie, akitaka atakuja mwenyewe, ila mwonyeshe picha yangu kwenye simu siku mbili tatu kabla na umwambie nitalala chumba gani.