Maswali ya wasomaji: Kumsaidia mzee bila kumnyang'anya kazi yake

SWALI: Mama yangu ana miaka 74 na anaishi peke yake. Anapika, anafua na hesabu za fedha zake anazisimamia mwenyewe. Ila siku hizi anaoga kwa nadra, na nimeona alama za kiganja kwenye ukuta wa bafu. Nikimuuliza anasema hana shida yoyote. Je, ni wakati wa kumhamishia kwangu?

JIBU: Alama hizo za kiganja zimekueleza kile ambacho mama hataki kukitamka. Miongoni mwa kazi za kuutunza mwili, kuoga ndiko kunakowashinda wengi kwanza, kabla ya kuvaa, kwenda chooni au kula. Kunadai mengi kwa mpigo: kuinama, kusimama kwa mguu mmoja ili kusugua mwingine, tena juu ya sakafu yenye povu na macho yakiwa yamefumbwa. Macho yakifumba, mwili hupoteza sehemu ya ushahidi wake wa kujua umesimama wima. Basi mtu anayeogopa kuanguka hupunguza kuoga, na watu wa nyumbani hudhani ni uvivu au usahaulifu.

Hatuoni sababu ya kumhamisha. Tunaona sababu ya kurekebisha bafu wiki hii hii.

Mwombe akuonyeshe, akiwa amevaa nguo zake na sakafu ikiwa kavu, jinsi anavyoingia, anavyogeuka na anavyofikia sabuni. Usitazame miguu tu, tazama mkono unatua wapi. Pale unapotua ndipo kishikio kinapotakiwa kufungwa. Kimo cha kawaida ni kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, lakini mkono wake ndio wenye neno la mwisho. Bomba la kishikio liwe na unene wa sentimita 3 hadi 4, na pengo kati yake na ukuta liwe kama sentimita 4. Pengo likizidi sana, mkono hupenya hadi kiwiko anapoteleza na unaweza kuvunjika ukiwa umekwama. Skrubu ziingie kwenye zege, tofali au mbao imara iliyo ndani ya ukuta, si kwenye kigae peke yake, na kishikio kiweze kubeba zaidi ya kilo 110. Reli ya taulo si kishikio. Ilifungwa ibebe taulo. Vile vya kubandika kwa mpira unaonyonya ukuta tunavikataa kabisa kwa kazi hii, kwa sababu huachia bila dalili, hasa mpira ukikanyaga mshono wa vigae.

Kisha kiti cha kuogea chenye miguu ya mpira na matundu ya kupitisha maji. Akikikalia, nyayo zake zitue bapa na magoti yasipande juu ya nyonga. Sabuni, taulo na kopo viwe kati ya kiuno na bega lake, ili asiiname wala kunyoosha mkono juu. Kama kuna hita, isizidi nyuzi joto 49: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ndani ya sekunde chache, na ngozi ya mzee ni nyembamba zaidi. Mwisho, mlango. Ukifunguka kwa ndani, mtu aliyeanguka huuziba kwa mwili wake na hakuna anayeweza kuingia kumwokoa. Ugeuze ufunguke kwa nje, na komeo liwe la kufungulika pande zote mbili.

Mpe mama nafasi ya kuchagua kiti na mahali pa kishikio. Alichokichagua atakitumia, alicholetewa kama hukumu ya uzee atakianikia nguo.

SWALI: Bibi yetu, miaka 78, alihamia kwetu miezi minne iliyopita akiwa anatembea vizuri. Tukamwambia apumzike: tunampikia, tunamfulia, hata maji ya kunywa tunampelekea alipo. Sasa hanyanyuki kitini bila kushikwa mkono. Ndio uzee?

JIBU: Miezi minne haizeeshi miguu kiasi hicho. Mkishamwona daktari na kuhakikisha hakuna ugonjwa mpya, tazameni kiti chake. Misuli ya mapaja huishi kwa kutumika, na kwa mzee huyeyuka haraka kuliko kwa kijana. Kila safari ya jikoni mliyomwondolea ilikuwa zoezi lake. Mlifanya kwa mapenzi, na dawa yake ni kumrudishia kazi, kidogo kidogo.

Msaada mzuri huziba pengo tu. Kama kufunga vifungo kunamshinda, mfungieni vifungo, shati avae mwenyewe. Kama sufuria ni nzito, mnyanyulieni sufuria, kuchambua na kukoroga aendelee yeye. Atachukua dakika 20 kwa kazi ambayo nyinyi mngeimaliza kwa 3. Mwacheni azichukue.

Kuhusu kunyanyuka, wengi hushindwa kwa namna wanavyoanza, nguvu zikiwa bado zipo. Miguu huwa mbele mno na mgongo umeegemea nyuma, hivyo uzito wote unabaki kwenye makalio. Chukueni kiti kigumu chenye mikono, kimo cha sentimita 45 hadi 50, kiegemezwe ukutani kisirudi nyuma. Asogee ukingoni. Avute nyayo nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha asukume kwa miguu na mikono. Kukaa ni muhimu vilevile: ashuke polepole kwa hesabu ya tatu, asijitupe, kwa kuwa huko kushuka nako hujenga paja. Msimvute kwa mikono wala kumnyanyua kwa makwapa, mtamuumiza bega.

Aanze na mara 5 asubuhi na 5 jioni, mtu akiwa kando yake. Mara 5 zikiwa nyepesi, ongezeni 2. Baadaye, akiweza kusimama bila kutumia mikono, mpimeni: ahesabiwe anasimama mara ngapi kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya 10 ni dalili kwamba hatari ya kuanguka bado ipo na mazoezi yaendelee.

Misuli haijengwi kwa mazoezi matupu. Wazee wengi wanahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60, zigawanywe katika milo yote. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

SWALI: Nina miaka 81. Nikiinuka usiku kwenda haja ndogo macho huingia giza na hujishika kabati. Natumia dawa za presha na za usingizi. Watoto wanataka nisitoke chumbani usiku.

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Giza hilo lina kipimo. Ulale dakika 5, upimwe presha, usimame, upimwe tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, damu inachelewa kupanda kichwani unaposimama. Dawa za presha, za kukojoza, za tezi dume na za usingizi zinaweza kuchangia. Zikusanye zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na ulizonunua bila cheti, umpelekee daktari. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Kama kuna ya kukojoza unayoinywa jioni, uliza kama inaweza kuhamia asubuhi.

Usiku, kabla ya kusimama, kaa ukingoni mwa kitanda dakika 2 na upandishe na kushusha nyayo mara 15. Simama ukishika kitu kisichosogea, hesabu hadi 10, ndipo utembee. Taa hafifu iwake njia nzima, si chooni tu. Kojoa ukiwa umekaa. Chupa ya mkojo kando ya kitanda ni ya kuazima usiku ambao miguu ni mizito; haikufungi chumbani, na waambie watoto hivyo.

SWALI: Baba amekubali fimbo lakini analalamika bega. Aliirithi kwa kaka yake.

JIBU: Ni ndefu mno, bila shaka. Avae viatu anavyotembelea, asimame wima, mikono ining'inie. Kichwa cha fimbo kifikie mkunjo wa kifundo cha mkono. Kama ni ya mbao, ipunguze kwa msumeno, kisha rudishia kofia ya mpira chini. Mpira uliolika hadi kuwa laini ubadilishwe. Aishike upande wa mguu mzima, itangulie pamoja na mguu mbovu. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, mbovu hutangulia kushuka.

SWALI: Shangazi alikuwa akijitegemea kabisa. Tangu juzi hatambui saa, analala mchana na kuongea ovyo usiku. Tuanze kumtafutia msaidizi?

JIBU: Mpelekeni hospitali leo. Akili inayovurugika ndani ya siku mbili kwa kawaida ina chanzo cha haraka: maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, choo kilichofunga, sukari iliyoshuka. Bebeni dawa zake zote, miwani na kifaa cha masikio kama anacho, na mwambieni daktari waziwazi alikuwa akifanya nini mwenyewe wiki iliyopita. Bila maelezo hayo, asiyemjua anaweza kudhani ndivyo alivyo siku zote.