Daftari la rambirambi mpe mtu mwingine, leo hii

Mkuu, pole utapewa na wengine, mimi nina haraka. Unasema mzee amefariki juzi, wewe ndiye kifungua mimba, umebebeshwa uenyekiti wa kamati ya msiba, hujatoa hata chozi na unajiona imara. Halafu unauliza dawa ya usingizi na namna ya kuwatuliza wadogo zako. Huo si uimara. Achia hilo daftari kabla hujaendelea kusoma.

Mimi nililishika. Mwili wa mzee wangu ukiwa bado mochwari, baba mdogo alinivuta pembeni: "Jikaze, wewe ndiye baba sasa. Machozi ya mwanaume yanaingia ndani." Basi nikawa mtu wa turubai, viti, mchele na Coaster ya kwenda kijijini. Jeneza linashushwa, mimi niko nyuma ya migomba nabishana na dereva kwenye simu kuhusu hela ya dizeli. Niliporudi watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi. Nimekosa kumzika baba yangu kwa ajili ya shilingi elfu ishirini, na dereva hakupunguza.

Wakanisifu! Hakuna pombe kali kama sifa za msibani. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Mimi nilirudi ofisini kabla hazijaisha, kifua mbele.

Baadaye kifua hichohicho kikaanza kubana. Saa nane za usiku niko macho. Kipimo cha moyo safi, presha safi, nikaandikiwa dawa za asidi. Kumbe baba mdogo alisema kweli, yaliingia ndani, yakawa yananichoma tumbo. Hayo yote ningeyasamehe. Ila siku moja mwanangu alimwaga uji, nikamfokea mpaka mama yake akaja kumbeba bila kusema neno. Hadi leo nikiingia jikoni ghafla, mtoto anashika kikombe kwa mikono miwili. Baba mdogo hiyo bili haijamfikia.

Aliyenifungua ni fundi baiskeli ambaye hakuwa na habari. "Mzee hajambo? Mwambie rimu yake iko tayari," akaitoa kabisa, imefungwa kwa mpira wa tairi. Nikakaa kwenye kigogo chake nikalia kwa kwikwi, wateja wananipita. Hakuniambia jikaze. Aliendelea kuziba pancha zake, akanirushia kitambaa. Kilikuwa na grisi, nikarudi nyumbani na uso kama mpika mkaa. Na chini ya huzuni nikakuta hasira: mzee alituficha ugonjwa wake. Nilikuwa naona aibu kumkasirikia marehemu, ndiyo maana nilikuwa namkasirikia kila aliye hai.

Usidhani ni porojo za fundi baiskeli tu. Mwaka 1993 Gross na Levenson, watafiti wa Marekani, waliwaonyesha watu filamu ya kutia kinyaa, wengine wakaambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, kinyaa hakikupungua, na jasho la vidoleni likazidi. Wakikuletea dini, Yohana 11:35 ina maneno matatu: Yesu akalia machozi. Mtume naye alimlilia mwanawe Ibrahim.

Kwa hiyo daftari mkabidhi shemeji, jirani, yeyote anayejua hesabu. Simu mwachie huyohuyo. Ukae mbele kaburini, karibu na mtu mmoja asiye na mazoea ya kusema jikaze. Kifua kikibana usitafute kazi ya kufanya. Taja kwa sauti kilichopo, hata kama ni "baba nimekukasirikia". Machozi yakigoma usiyalazimishe, wewe usiondoke tu.

Na baba mdogo wako akija na maneno yale, mwambie anahitajika jikoni, kuni zimeisha.