Kemo ya saratani ya Kaposi kwa mwenye VVU
Ndugu, umeuliza kama dawa mbili za kemo (dawa za kuua saratani) ni lazima zishinde moja. Hapana, si lazima. Kwa saratani ya Kaposi iliyosambaa, dawa ya kemo iitwayo paklitakseli peke yake, mgonjwa akiendelea na ARV, ilizishinda dawa mbili za bleomisini na vinkristini zikitolewa pamoja. Jaribio lilifanyika Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, matokeo yakatoka 2020: wiki ya 48, asilimia 64 walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea, dhidi ya 44.

Hiyo ni Kaposi tu. Limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, bado hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa. Na tafadhali, mgonjwa wako asiache ARV. Hapa Mwanza nimewaona waliokatisha kwa kuogopa dawa kuwa nyingi, inauma sana. Kama yuko hospitali ya Bugando, amwambie daktari wa saratani anameza ARV zipi, maana zenye dawa ya ritonavi zinaweza kuongeza madhara ya kemo.