Brayo, duara lipo, lakini sikiliza

Brayo mdogo wangu, nimesoma ulichoandika kwenye kikundi cha familia. Eti shangazi amesema huku Marekani nalipwa dola kukaa kwenye duara na kupiga gumzo na wazungu, nawe wataka nikutafutie nafasi. Nimekasirika, kisha usingizi ukanikataa. Huku ni saa tisa usiku.

Duara lipo. Mijadala hii baina ya makundi ilianzishwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1988, baada ya chuki za rangi kuchacha pale chuoni, kisha vyuo vingine vikaiga, hiki changu kikiwemo. Wanafunzi weusi na weupe, tuseme, idadi ikikaribiana, wanakutana kila wiki muhula mzima. Waongozaji ni wawili, mmoja kutoka kila upande. Hakuna kubishana ili ushinde. Unasikiliza, unauliza. Sisi wa sosholojia tunafuatilia wanabadilika nini.

Mimi naongoza upande wa weusi, na hapo ndipo panaponiuma. Nairobi hakuna aliyeniita mweusi. Waliuliza jina la pili wakajua kabila. Huku Wamarekani weusi wananiona mgeni, na weupe wanataka niwaeleze machungu ambayo babu yetu hakuyapitia. Muhula uliopita msichana mmoja, daftari mapajani, aliniuliza kwa upole: "Kwenu nako mnabaguana?" Nikajibu hapana, sisi ni wamoja. Nilidanganya, Brayo, mbele ya watu 14 niliokuwa nimewaomba waseme ukweli.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Januari 2008, wakati wa ghasia za kikabila baada ya uchaguzi, pale mtaani Huruma, Nairobi, jirani wa mlango wa tatu alitoka usiku na watoto wake, maharagwe yakiwa bado motoni. Mama alienda akazima jiko lake, akarudi, akafunga mlango wetu. Hatukumtetea. Hatujawahi kulitaja. Sheria ya Kenya ya uwiano wa kitaifa ya mwaka huohuo inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Nzuri sana, ila haijatukalisha na yule jirani.

Usije kwa ajili ya dola, kodi ya nyumba inazimeza. Somea hapo, kazi hii inahitajika Nairobi kuliko huku. Lakini ukipata barua ya chuo, njoo mbio, utalala kwangu hata mwaka.

Mama nikimuuliza kwa simu anasema mtandao ni mbaya. Wewe uko naye. Muulize polepole akiwa anachambua sukuma wiki: yule jirani alihamia wapi? Nitumie namba.