YMMV si sensa: ninavyosoma vifupisho vya watu wa magari

Mkuu, swali lako limenichekesha kwa sababu nimejiona mwenyewe miaka ile. Taa ya injini imewaka, umeomba msaada, na mdau akakujibu hivi: "CEL, P0171, LTFT +22. PCV na MAF kwanza, O2 baadaye. YMMV." Halafu ukatuambia MAF umeiona, PCV umeonyeshwa, ila sensa ya YMMV umeitafuta kila mahali hujaipata.

YMMV tutaifikia. Kwanza nikwambie kwamba jibu lile ni zuri sana. Kasoro yake ni moja, limeandikwa kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kuuliza.

Tulifungue. CEL ni ile taa ya njano yenye umbo la injini kwenye dashibodi. Wengine huiita MIL, ni kitu kilekile. P0171 ni msimbo wa hitilafu, umesomwa kwa kifaa kinachochomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani. Tundu hilo ni la OBD-II, utaratibu ambao Marekani iliulazimisha kuanzia magari ya mwaka 1996, na ndio uliofanya misimbo inayoanza na P0 iwe na maana moja kwa kampuni zote. P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni mambo ya chini kama breki na stelingi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza baada ya herufi ikiwa 1 badala ya 0, huo ni msimbo ambao kampuni imejitungia, kwa hiyo P1 ya gari lako usiitafsiri kwa maelezo ya gari la jirani.

P0171 inasema mchanganyiko umekuwa mwembamba: hewa nyingi, petroli kidogo. Injini ya petroli kwa kawaida hulenga gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. LTFT ni daftari la kompyuta, humo inaandika kwa muda mrefu imekuwa ikiongeza au kupunguza petroli kiasi gani ili irudi kwenye lengo hilo. Kwako imeandika +22, yaani inaongeza asilimia 22 juu ya hesabu yake ya kawaida. Gari lisilo na hitilafu hukaa karibu na sifuri, na likicheza asilimia 5 juu au chini hakuna wa kushtuka. 22 ni kilio.

Utamu wa jibu lile uko kwenye "O2 baadaye". Sensa ya O2 inakaa kwenye bomba la moshi, na yenyewe ndiyo iliyotoa taarifa kwamba hewa imezidi. Watu wengi wakiona hivyo hukimbilia kuibadilisha, sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele za mwizi. Mwizi mtafute mbele zaidi. MAF inapima hewa iliyotoka kwenye ea klina. Ikichafuka inahesabu pungufu, na kompyuta nayo inapima petroli kwa hesabu hiyo pungufu. PCV ni valvu yenye hosi yake, inarudisha mivuke ya ndani ya injini ili iungue tena. Hosi hiyo ikipasuka, hewa inaingilia mlango wa nyuma bila kupita kwa MAF.

Kwangu ilikuwa hosi ya PCV, na nilikuwa nimeshabadilisha sensa ya O2 bure. Ukiitazama kutoka juu ilikuwa nzima, nyeusi, hata vumbi haina. Nilipoikunja kwa kidole kwenye kona yake, ufa ukafunguka upande wa chini kama mdomo wa samaki.

Ukitaka kujua lako ni lipi kabla ya kununua chochote, soma LTFT pamoja na STFT, ambayo ni marekebisho ya papo kwa papo. Zijumlishe. Fanya hivyo gari likiunguruma limesimama, kisha shikilia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) 2500 na usome tena. Zikiwa kubwa gari limesimama na kushuka ukipandisha RPM, kuna hewa inavuja baada ya MAF. Zikipanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, geukia MAF yenyewe, pampu ya petroli na filta.

Sasa nikusimulie kilichonifundisha kusoma vitu hivi taratibu. Ni herufi mbili tu, TC.

Gari langu la wakati huo lilikuwa otomatiki. Kwenye spidi ya 60 hadi 70, mguu ukiwa umegusa tu pedali, lilikuwa linatetemeka kama linapita juu ya matuta madogomadogo yaliyopangwa. Nikikanyaga zaidi, linaacha. Nikauliza, mdau mmoja akajibu kwa mstari mmoja: "Inaweza kuwa TC. Fanya D&F ya ATF kwanza." TC niliyoijua mimi ilikuwa cheni ya taimingi. Basi Jumamosi nzima nikashinda na fundi tunafungua uso wa injini. Tulikuta cheni iko imara, vikaza cheni vizima, alama zote zimekaa kwenye mstari. Fundi akanitazama, mimi nikatazama chini. Tukapaka silikoni, tukafunga, nikamlipa. Kabla sijafika nyumbani gari likatetemeka kama jana yake.

TC ya yule mdau ilikuwa toki konveta, lile bakuli lililojaa mafuta kati ya injini na giaboksi otomatiki. Ndani yake mna klachi inayofunga gari likishatulia kwenye mwendo, ili injini na giaboksi vizunguke kama kitu kimoja. Mafuta yakichoka, klachi inashika inaachia, inashika inaachia, na huo ndio ulikuwa mtetemo wangu. D&F ni kumwaga na kujaza tu, na ATF ni mafuta ya giaboksi otomatiki. Nilimwaga na kujaza, nikatembea wiki mbili, nikarudia. Mtetemo ukaisha.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jibu lilikuwa limekaa palepale. Ndani ya mstari uleule TC imefuatana na ATF, na ATF haina kazi yoyote kwenye cheni ya taimingi. Tangu siku ile kifupisho sikisomi peke yake, nasoma na jirani yake. TC ikikaa na "kelele asubuhi injini ikiwa baridi", hiyo ni cheni. Ikikaa na ABS (breki zinazozuia tairi kuganda) na barabara yenye utelezi, ni mfumo unaozuia tairi kuzunguka bure. TB vilevile: kwa mmoja ni mkanda wa taimingi, kwa mwingine ni throtoli bodi, lango la kuingizia hewa kwenye injini. FI ni petroli kupulizwa kwa nozeli, au ni injini kulazimishwa hewa kwa turbo, inategemea anayeandika anabishana na nani. NOS kwenye tangazo la taa za gari la zamani ni spea ya miaka hiyo ambayo haijawahi kufungwa, imekaa stoo. NOS kwa vijana wa mashindano ni ile gesi ya naitrasi.

NA ndiyo ilinisumbua kuliko zote, kwa sababu macho ya Mswahili yanaisoma "na" yanapita. Ni injini isiyo na turbo, inayovuta hewa yenyewe. Ila kwa wapenzi wa Mazda MX-5, NA ni toleo la kwanza la gari hilo, lililotoka 1989, kisha zikafuata NB, NC na ND. Kwao "NA yangu ni NA" ni sentensi kamili na hakuna anayecheka.

Mahali ambapo kifupisho kinaweza kukuumiza kweli ni kwenye chupa. Chukua DOT. Ni herufi za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, na utazikuta kwenye mafuta ya breki na pia ubavuni mwa tairi. Kwenye tairi, fuata mstari wa DOT hadi mwisho, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwenye chupa ni daraja la mafuta, na hapo niliingia mkenge. Nilijiambia DOT 5 lazima iwe kaka mkubwa wa DOT 4, nikaongezea kidogo kwenye kopo la breki. Nikaona ile DOT 5 ya rangi ya zambarau imeelea juu ya mafuta ya rangi ya asali, havichanganyiki, kama mafuta ya taa juu ya maji. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja wa glikoli. DOT 5 ni silikoni, ukoo mwingine kabisa, na ukivichanganya pedali inaweza kulainika kama sponji. Bahati gari lilikuwa bado halijawashwa. Nikaifyonza yote kwa sirinji, kisha mfumo mzima ukamwagwa na kujazwa upya. Aliyeamua kuita 5.1 kitu ambacho ni ndugu wa 4 na si wa 5 alitukosea adabu.

Oili ya injini ina mtego mdogo: W ya 5W-30 si uzito, ni majira ya baridi, yaani namna oili inavyotiririka ikiwa ya baridi. Kwenye alama ya API, taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, inayoanza na S ni ya injini za petroli, inayoanza na C ni ya dizeli. Oili ya gia nayo ina GL-4 na GL-5, na baadhi ya GL-5 hula shaba iliyoko ndani ya giaboksi za manyuo, kwa hiyo kama kitabu cha gari kimesema GL-4, isikushawishi namba kubwa. Na CVT, yaani giaboksi otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia, usiipe ATF ya kawaida hata kama ni ya bei mbaya. Mafuta yake, CVTF, yameundwa ili mkanda wa chuma usiteleze kwenye puli zake.

Umeuliza pia majina ya injini, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ukiyajua huwezi kuyasahau. Toyota 1NZ-FE: NZ ni familia, 1 ni nafasi yake ndani ya familia, F ni kichwa cha injini chenye kamshafti mbili (mihimili inayofungua valvu) kilichopangwa kwa matumizi ya kawaida, E ni mfumo wa nozeli za umeme. Ile 1 haina uhusiano na lita. 1NZ ni lita 1.5 na 2NZ ni lita 1.3, namba imepanda injini imepungua. 2JZ-GTE watu husikia "2" wakadhani lita mbili. Ni lita 3, G ni kichwa cha kamshafti mbili cha kutafuta nguvu, T ni turbo. Nissan wao lita wanaziandika waziwazi: RB26DETT ni lita 2.6, D kamshafti mbili, E nozeli, TT turbo mbili. Lakini TT ya Audi si turbo mbili hata kidogo, imetokana na mashindano ya Tourist Trophy ya kisiwa cha Man. Mitsubishi 4G63 ni silinda 4, G ni petroli. 4D56 ni silinda 4 pia, D ni dizeli. Kila kampuni ina lugha yake, usibebe kamusi ya mmoja kwenda kwa mwingine.

Vya dashibodi nitapita haraka. ESP, VSC ya Toyota, VDC ya Nissan, DSC ya BMW na VSA ya Honda ni kazi ileile ya kulizuia gari lisiserereke kwenye kona, majina tu yamegombana. EPS ni kingine, ni stelingi ya umeme. Mtu akiandika "taa ya ESP imewaka na usukani umekuwa mzito", nusu ya majibu yatapotea njia kwa sababu ya herufi mbili zilizobadilishana nafasi. Mwombe picha ya taa.

PS kwenye karatasi ya gari la Kijapani ni nguvu ya farasi ya kipimo cha metriki, ndogo kidogo kuliko hp ya Waingereza: PS 100 ni kama hp 98.6. PS kwenye mfuniko wa kopo chini ya boneti ni mafuta ya stelingi.

Na vile vya mazungumzo tu, visivyofungwa kwa spana: PO ni mwenye gari aliyekutangulia, kwa kawaida anatajwa kwa lawama. DD ni gari la kila siku. WTB ni mtu anatafuta kununua. WOT ni pedali imekanyagwa hadi mwisho.

YMMV iko kwenye kundi hilo. Asili yake ni matangazo ya magari ya Marekani, yaliyokuwa yakitaja maili ambazo gari linakwenda kwa galoni moja halafu yanakuonya kwamba maili zako huenda zikatofautiana. Mdau alikuwa anakwambia hivi ndivyo ilivyokuwa kwake, kwako inaweza isiwe hivyo. Acha kuitafuta. Anza na hosi ya PCV, ikunje kwenye kona, halafu utuletee zile namba za gari likiwa limesimama na za RPM 2500, pamoja na jina la injini.